Matangazo ya biashara yanayotuamshia watoto: hii sauti inapandishwa na nani?

Mkazi wa Ilazo (mleta uzi)

Wanajamvi, nawasalimu kutoka Ilazo, hapa Dodoma, ambako upepo wa Julai unavuma usiku kucha na kila mwenye nyumba amefunga madirisha. Nayataja madirisha kwa sababu yanahusika. Nyumba ikishafungwa, sauti ya televisheni haina pa kutokea, na ndipo nilipotambua kwamba jambo nililolivumilia kwa miaka mingi sasa limenishinda.

Jumanne iliyopita, majira ya saa tatu na nusu usiku, nilikuwa sebuleni na mke wangu tukifuatilia tamthilia. Mjukuu wetu wa miezi saba alikuwa amelala kwenye kochi katikati yetu, baada ya kubembelezwa kwa muda ambao sitaki kuukumbuka. Katika tamthilia hiyo mama mmoja alikuwa akimweleza mwanawe baba yake halisi ni nani, na alisema kwa sauti ya chini kama siri inavyopasa kusemwa, nami nikapandisha sauti hadi 24 ili nilisikie hilo jina. Jina halikutajwa. Likaingia tangazo la sabuni ya unga, lenye ngoma, vigelegele na kijana anayenadi kana kwamba yuko mnadani Msalato. Mtoto akashtuka, mikono yote miwili ikaruka hewani, na mimi nikaanza kuitafuta rimoti ambayo, kama kawaida yake, ilikuwa imeingia chini ya mto. Nilipoipata tulikuwa tumeshafika tangazo la pili. Nikashusha hadi 11. Tamthilia iliporudi watu walikuwa wanachezesha midomo tu, ikabidi nipandishe tena, na huyo baba hadi leo simjui.

Rimoti yenyewe nimeikagua mchana kwenye mwanga. Tuliifunga nailoni tangu siku tuliyonunua televisheni, kama ilivyo desturi ya nyumba nyingi, lakini kwenye kitufe cha kupunguza sauti nailoni imetoboka na alama ya kutoa imefutika kabisa, wakati kitufe cha kuongeza bado kinang'aa. Nadhani ushahidi huo ungetosha hata mbele ya baraza la kata.

Hata hivyo, kwa kuwa sipendi kulalamika bila kipimo, nilipakua kwenye simu programu ya kupimia desibeli, nikaiweka simu juu ya meza, mita tatu kutoka kwenye televisheni, kisha nikakaa saa nzima bila kugusa sauti. Mazungumzo ya tamthilia yalicheza kati ya 50 na 56. Matangazo mengi yalikaa kwenye 66 au 67. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba mazungumzo ya watu hupanda na kushuka, mara hufika karibu na kimya, lakini tangazo likishapanda linabaki huko huko juu mpaka liishe. Usiku uliofuata nilipima muhtasari wa kikao cha Bunge, nikakuta hali ni mbaya zaidi, kwa sababu waziri anayesoma jibu la swali la msingi huwa hapandishi sauti kwa lolote, na tangazo linalomfuata hupasuka kama tairi.

Sasa nieleze kinachonitatiza. Mwaka jana nilikutana msibani na fundi mitambo wa kituo kimoja cha televisheni, nikamweleza malalamiko haya. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniambia kwamba sauti ya matangazo yao haizidi ya vipindi hata kidogo, kwamba yeye mwenyewe huitazama sindano ya kipimo kila siku na haijawahi kuvuka mstari mwekundu, na kwamba watazamaji wengi hudhani tu kwa sababu wamechukizwa na kukatishwa. Sikuamini kwamba ananidanganya. Ni mtu mzima na tulikuwa kwenye matanga. Lakini mjukuu wangu hajui kuchukizwa na kukatishwa kwa tamthilia, na bado alishtuka.

Wenye ujuzi, naomba mnisaidie: nimwamini nani, sindano ya fundi au mtoto? Na kama tatizo lipo kweli, anayepandisha sauti ni nani, mwenye tangazo, studio iliyolitengeneza, kituo kinacholirusha, au king'amuzi changu? Naomba kuwasilisha.

Mpenda Tamthilia

Mkuu, pole sana na mpe pole mtoto. Ila ushahidi wako wa rimoti una kasoro. Kila mara ulipopunguza sauti, baadaye uliiongeza, la sivyo leo ungekuwa unatazama televisheni bubu. Vitufe vyote viwili vilipaswa kuchakaa sawasawa.

Mkazi wa Ilazo

Ndugu, cha kuongeza hubonyezwa kwa utulivu, mara mojamoja, na mtu aliyekaa. Cha kupunguza hubonyezwa kwa dole gumba lenye hasira.

Fundi wa Makole

Shikamoo mzee wangu wa Ilazo. Mimi hutengeneza vyombo vya sauti hapa Makole na nimewahi kufanya kazi kwenye chumba cha kurushia matangazo, hivyo naomba nieleze kwa urefu kidogo, kwa sababu katika kisa chako hakuna aliyesema uongo. Fundi mitambo uliyekutana naye ana haki, na mtoto naye ana haki. Kila mmoja anapima kitu chake.

Chukulia magunia mawili ya mahindi pale soko la Kibaigwa. Yote yana urefu sawa, yameshonwa mdomo kwa kamba ya aina moja. Moja limejazwa kwa kumimina tu, la pili limemiminwa, likatikiswa, likashindiliwa kwa mguu, likaongezwa, likashindiliwa tena. Mkaguzi anayepima urefu kwa rula atasema yako sawa, na atakuwa amesema kweli. Atakayeyabeba mgongoni ndiye atakayejua tofauti. Ile sindano ya zamani ya kituo cha televisheni ni rula: inatazama kilele cha sauti kimefika wapi. Sikio la mjukuu wako ni mgongo.

Kushindilia sauti kunafanyika hivi. Mazungumzo ya kawaida yana mabonde na vilima. Neno moja linapanda, pumzi inafuata, kisha mnong'ono, kisha mlango unabamizwa. Vilima vichache ndivyo vinavyogusa mstari mwekundu, sehemu kubwa iliyobaki iko chini kabisa. Mtengenezaji wa tangazo huchukua kifaa, siku hizi ni programu ya kompyuta, kinachokata vilele na kuinua mabonde mpaka sauti yote inakuwa tambarare, halafu anaisogeza tambarare hiyo yote juu hadi karibu na mstari. Kilele hakijavuka kitu. Lakini kwa sekunde 30 mfululizo sauti iko kileleni bila kupumua. Ndiyo maana simu yako ilionyesha namba isiyoshuka. Programu za simu haziaminiki sana kwa namba yenyewe, kwa sababu maikrofoni ya simu haijasahihishwa kwa ajili ya kupimia, lakini kwa kulinganisha vitu viwili vilivyopimwa mahali pamoja kwa simu ileile zinatosha, na tofauti ya desibeli 10 au zaidi uliyoipata ni kubwa: kwa kukadiria, sikio la binadamu husikia ongezeko la desibeli 10 kama sauti iliyozidi maradufu.

Kuna hila ya pili. Masikio yetu hayasikii kila sauti kwa wepesi sawa. Wanasayansi Fletcher na Munson walilionyesha hilo huko Marekani mwaka 1933: sauti zilizo kati ya hezi 2,000 na 5,000 tunazisikia kwa urahisi kuliko zile nzito za chini, hata zikiwa na nguvu ileile. Huko ndiko kunakokaa ukali wa konsonanti na, kwa jumla, ukali wa kilio cha mtoto. Mtengenezaji akiinua eneo hilo kidogo, tangazo linapenya hata kelele za jikoni, na sindano haitikisiki.

Dawa yake imeshapatikana, nayo ni kuacha rula na kutumia mizani. Wakulima wanajua jinsi sheria ya vipimo inavyokataza lumbesa na kutaka mazao yapimwe kwa kilo, gunia lisizidi kilo 100. Kwa upande wa sauti, Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, lilitoa mwaka 2006 njia ya kupima jinsi sauti inavyosikika, siyo kilele chake tu, ikizingatia ule wepesi wa sikio niliousema. Mwaka 2010 umoja wa watangazaji wa Ulaya ulitumia njia hiyo kuweka kiwango kimoja kwa vipindi na matangazo yote: wastani wa LUFS 23 chini ya sifuri, LUFS ikiwa ndiyo kizio cha sauti inavyosikika. Wamarekani wanatumia 24. Kituo chenye mizani hiyo kikipokea tangazo lililoshindiliwa, kompyuta inalishusha lenyewe mpaka wastani ulingane na wa kipindi.

Niongeze tahadhari, nisije nikaonekana nauza dawa ya kila ugonjwa. Wastani ni wastani. Tamthilia yenye ugomvi mwanzoni na mnong'ono mwishoni inaweza kuwa na wastani sahihi kabisa, na tangazo nalo sahihi kabisa, lakini tangazo likiingia mara baada ya mnong'ono bado litakushtua. Kwa sababu hiyo Wazungu hao wameongeza sharti la pili kwa matangazo mafupi, kwamba hata kipande cha sekunde tatu kisizidi LUFS 18 chini ya sifuri. Baada ya hapo inabaki busara ya anayechagua tangazo liingie wapi, na hiyo haina mita.

Kwa nyumbani, mzee, jaribu mambo mawili wakati unasubiri. Fungua mipangilio ya sauti ya televisheni na ya king'amuzi. Vyombo vingi vina sehemu ya kusawazisha sauti au ya kusikiliza usiku, na kwa kawaida huja ikiwa imezimwa. Na kama una sabufa, punguza besi, kwa kuwa maneno ya watu hayana besi nyingi lakini ngoma za matangazo zinayo, na besi ndiyo inayopita ukutani hadi chumba cha pili.

Mama Pacha wa Kisasa

Fundi, ubarikiwe. Sabufa ninayo, imeletwa na baba watoto, na tangu siku hiyo nimekuwa mlinzi wa rimoti.

Nina mapacha wa mwaka mmoja na miezi miwili. Asiyelea mapacha hajui kwamba kulala kwao ni mkataba wa pande tatu, wa kwanza, wa pili na mimi, na upande mmoja ukivunja, mkataba wote umekufa. Nimefika mahali natazama tamthilia bila sauti kabisa, nakisia wanachosema, kisha kesho yake nauliza kazini. Juzi niligundua kwamba nilikuwa nimemwelewa mhusika mmoja kinyume kwa wiki mbili nzima. Nilidhani anamtongoza shemeji yake, kumbe alikuwa anamdai.

Naomba niulize jambo moja. Hizi huduma za kutazama kwa intaneti nazo zimeanza kuwa na matangazo, na huko nako sauti inaruka vilevile. Mizani hiyo ya fundi inawahusu na wao, au ni ya televisheni za king'amuzi tu?

Mwanasheria wa Area D

Ndugu zangu, nami nichangie kwa upande wa sheria, nikianzia na swali la dada yangu wa Kisasa kwa sababu jibu lake ni jipya.

Wamarekani walilalamikia sauti ya matangazo kwa miongo kadhaa kabla ya kupata sheria. Mbunge Anna Eshoo wa California alikuwa miongoni mwa waliopeleka mswada, Rais Barack Obama akautia saini tarehe 15 Desemba 2010, na ukaanza kufanya kazi tarehe 13 Desemba 2012. Kifupisho cha jina la sheria hiyo ni CALM, neno ambalo kwa Kiingereza ni kama kumwambia mtu atulie. Inataka wastani wa sauti ya tangazo usizidi wa kipindi linachoambatana nacho, na inawabana wenye vituo vya televisheni, wenye nyaya na wenye setilaiti. Haikugusa intaneti, maana mwaka 2010 wachache walidhani watu watahamia huko. Pengo hilo lilizibwa na jimbo la California peke yake: Oktoba 2025 Gavana Gavin Newsom alitia saini sheria inayozilazimisha huduma za kutazama kwa intaneti kufuata sharti lilelile kuanzia tarehe 1 Julai 2026. Dada, utafurahi kusikia kwamba seneta aliyeipeleka alieleza kuwa wazo lilitokana na msaidizi wake mwenye mtoto mchanga, ambaye matangazo yalikuwa yakimwamshia mtoto aliyembembeleza kwa taabu. Uingereza nayo ilishaweka mwaka 2008 kanuni kwamba tangazo la televisheni lisiwe na kelele kupita kiasi wala lisikwaruze masikio.

Kwa hapa kwetu, mwenye mamlaka juu ya utangazaji ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, na sheria kuu ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ni ya mwaka 2010. Naona baadhi ya watu wakiwa na jambo la namna hii hukimbilia kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015 zilizo chini ya sheria ya mazingira. Sioni namna ya kuzitumia hapa. Baa ikipiga muziki hadi saa nane usiku, kelele inatoka kwa mwingine na kuingia kwako. Televisheni kitufe kiko mkononi mwako, na wakili wa upande wa pili atakuuliza swali hilo la kwanza kabla hujakaa.

Njia iliyo wazi ni ya malalamiko ya mtumiaji wa huduma. Unaanza kwa kituo au kwa mwenye king'amuzi, kwa maandishi, ukitaja siku, saa na tangazo. Usiporidhika na jibu, unapeleka TCRA, ambayo ina ofisi ya kanda hapa hapa Dodoma, na lipo pia baraza la ushauri la watumiaji wa huduma za mawasiliano, ambalo kazi yake ni kusemea watu kama sisi. Neno la msingi ni maandishi. Miaka yote nimesikia watu wakilalamikia jambo hili sebuleni, kwenye daladala na msibani, na sijawahi kukutana na mtu mmoja aliyeandika barua.

Mkamuzi wa Alizeti

Habari zenu kutoka Singida. Nimesoma tangu juu mpaka hapa nikitaka kunyamaza, lakini dhamira imenisuta, kwa kuwa mimi ni mmoja wa watuhumiwa.

Nina kiwanda kidogo cha kukamua mafuta ya alizeti. Miaka miwili iliyopita niliamua kutangaza kwenye televisheni, nikachanga fedha ya sekunde 30, mara chache kwa siku kwa mwezi mmoja, fedha ambayo kwa mtu wa kiwango changu ni ng'ombe kadhaa. Kijana wa studio alinitumia tangazo kwenye simu nilisikilize. Nililisikiliza nikiwa kiwandani, mashine mbili zinaunguruma, nikampigia nikamwambia sauti ni ndogo. Akaongeza. Nikalinganisha na tangazo la wenzangu wa mafuta ya nje, nikampigia tena, nikamwambia mimi natoka Singida na fedha yangu ni ya jasho, nataka tangazo langu lisikike hadi jikoni, kwa sababu anayenunua mafuta yuko jikoni na wakati wa matangazo ndipo anapokwenda kugeuza ugali. Akaniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikamjibu kwamba anayelipa ni mimi.

Kwa hiyo, mzee wa Ilazo, aliyepandisha sauti ni mimi, na wengine kama mimi, tukiwa tumesimama karibu na mashine. Kijana wa studio alijua, kituo kilipokea, na hakuna aliyeniambia kwamba kuna kiwango. Kama kingekuwepo ningekifuata bila ugomvi, mradi na yule wa mafuta ya nje akifuate. Peke yangu siwezi kushuka, ni sawa na mtu mmoja kukaa mpirani wakati waliomtangulia wote wamesimama.

Mauzo? Yaliongezeka kidogo, siwezi kujua kama ni kelele au ni bei. Ninalolijua ni kwamba mama mkwe wangu, anayeishi Manyoni, alinisifu mbele ya ukoo mzima kwamba tangazo langu analitambua tangu ngoma ya kwanza. Mke wangu akaniambia baadaye kwamba analitambua ili awahi kuzima sauti.

Fundi wa Makole

Mkamuzi, nimecheka hadi mteja amenishangaa. Nikuambie jambo ambalo kijana wa studio hakukuambia: kwenye kituo chenye mizani, tangazo lililoshindiliwa linapata hasara. Kompyuta inalishusha mpaka wastani, na kwa kuwa halina vilima, linasikika limefifia na kubanwa kuliko tangazo lililoachwa lipumue. Huko ulikotaka kupiga kelele ungejikuta unanong'ona.

Mzee wa Kondoa

Wanangu, mmezungumzia watoto wachanga, msitusahau wa upande wa pili wa maisha.

Nina miaka 74 na natumia kifaa cha kusikilizia kwenye sikio la kushoto. Daktari alinieleza kwamba sikio lililozeeka halipungui kama betri ya redio, kila kitu kikafifia kwa pamoja. Linapoteza sauti ndogo, lakini sauti kubwa zinaendelea kulifikia karibu kama zamani, hivyo nafasi iliyopo kati ya kutosikia na kuumia inakuwa nyembamba. Watu wa nyumbani hawaelewi. Nikisema sisikii wanaongeza, nikisema naumia wanasema si ulisema husikii. Ili nisikie taarifa ya habari lazima sauti iwe juu kuliko mnavyoweka ninyi, na tangazo linapoingia linaniingia likitokea huko huko juu. Nimeacha kutazama. Nasikiliza redio yangu ndogo kitandani, nayo ina matangazo, lakini gurudumu la sauti liko chini ya kidole changu na silitafuti chini ya mto.

Mkazi wa Ilazo

Mzee wetu wa Kondoa, shikamoo, nimekusoma mara mbili. Wengine wote nawashukuru, na narudi na mrejesho wa wiki tatu, kwa kuwa si vizuri mtu kuanzisha uzi na kuutelekeza.

Kwanza mipangilio. Sehemu ya kusawazisha sauti niliikuta, ikiwa imezimwa kama fundi alivyosema, imefichwa ndani ya ukurasa wa nne. Nimeiwasha. Matangazo yamepungua ukali kwa kiasi ambacho hata mke wangu, aliyekuwa haamini zoezi hili, amekiri. Ina gharama yake. Jumamosi tulitazama mpira, goli likafungwa, na uwanja mzima ukashangilia kama watu walioambiwa kuna mgonjwa chumba cha pili. Kijana wangu alikasirika akaizima, nami usiku nikaiwasha tena, na hivyo ndivyo tunavyoishi sasa, mchana yake, usiku yangu.

Pili barua. Ushauri wa mwanasheria ulinichoma, hasa pale aliposema hajakutana na mtu aliyeandika. Nikachukua daftari la mistari, nikarekodi kwa jioni kumi: kituo, tarehe, saa, tangazo, kipindi kilichokatishwa, na namba niliyolazimika kushusha kwenye rimoti. Sikuandika desibeli za simu, maana fundi ameshanikanya. Katika jioni hizo kumi nilishusha sauti mara 43, na siku mbaya kuliko zote ilikuwa ya muhtasari wa Bunge. Nikaandika barua ya kurasa mbili kwa kituo kimojawapo, nikieleza kwa lugha ya adabu kwamba siombi matangazo yaondolewe, kwa sababu najua ndiyo yanayolipa mishahara yao na ndiyo yanayonifanya nitazame bila malipo; naomba wapime kwa mizani badala ya rula. Habari ya gunia la Kibaigwa nimeitumia yote, fundi aniwie radhi. Nakala nimeiweka tayari kwa ajili ya TCRA, iwapo itahitajika.

Barua niliipeleka mwenyewe kwenye ofisi yao hapa mjini, nikaomba igongwe muhuri wa kupokelewa. Pale mapokezi kulikuwa na televisheni kubwa ukutani inayoonyesha kituo chao wenyewe, picha inakwenda, sauti hakuna. Wakati dada wa mapokezi akitafuta muhuri nilimwuliza kama imeharibika. Akasema hapana, inafanya kazi vizuri, ila wameizima sauti tangu mwaka jana kwa sababu matangazo yakianza hasikii simu ikiita.